Mota Imekwama: Nani Ameishika?

Popote ulipo jioni hii, Somanda, Malambo, Nyakabindi, kule Lagangabilili, Mwanhuzi, Maswa mjini au Lamadi kando ya barabara ya Mwanza na Musoma, karibu usogeze kiti. Na wewe uliye zamu ya usiku kiwandani, ambaye redio yako umeitundika kwenye msumari, tafadhali usipandishe sauti mpaka ukashindwa kuisikia mashine. Leo hasa nataka uisikilize mashine.

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya mota inayokwama. Najua kuna mama mmoja ameshanyoosha mkono kubadili stesheni, anasema hayo ni ya mafundi. Ngoja kidogo, mama. Umewahi kupeleka mahindi mashineni ukaambiwa rudi kesho, mashine imegoma? Umewahi kupita nje ya lango la kiwanda cha kuchambua pamba ukakuta malori yamepanga foleni, madereva wamelala chini ya matrela, na ndani kumenyamaza kimya? Basi mazungumzo haya ni yako pia.

Mkoa wetu huu ulianzishwa mwaka 2012, lakini pamba ya Bariadi, Maswa na Meatu ni ya zamani kuliko mkoa wenyewe. Tunaongoza nchi nzima kwa dhahabu hii nyeupe, na kila msimu ununuzi ukianza, viwanda vyetu hukesha. Katika viwanda hivyo siku hizi, na hata katika mashine nyingine za kukamua alizeti na pampu za maji, utakuta ukutani au ndani ya kabati kisanduku chenye skrini ndogo na vitufe. Wengine wanakiita invata, wengine draivu. Mimi nitasema draivu.

Kazi ya draivu ni nini? Inapokea umeme wa TANESCO, umeme wa fezi tatu unaokuja kwa mapigo 50 kila sekunde, yaani hezi 50, halafu inautengeneza upya. Ikitaka mota iende polepole, inatoa hezi 20. Ikitaka ikimbie, inapandisha. Mota inafuata. Ndivyo fundi anavyoweza kupunguza au kuongeza mlisho wa pamba bila kubadili puli wala gia.

Sasa siku moja mota inasimama, na kwenye skrini yanatokea maneno ya Kiingereza ambayo kwa lugha yetu yanasema hivi: mota imekwama. Draivu nyingine zinatoa namba tu. Ukiwa na ABB ya aina ya ACS550 utaona kosa namba 12. ACS580 itakuandikia 7121. Siemens za Sinamics zina namba mbili tofauti, F07900 na F07902, na tofauti hiyo nitairudia, maana ina maana kubwa.

Nikuulize, msikilizaji: ukiona maneno hayo, kitu cha kwanza unachofanya ni nini?

Usinijibu. Najua. Unabonyeza kitufe cha kuriseti. Ikisimama tena, unabonyeza tena. Nimewahi kukuta kitufe cha kuriseti kimefutika rangi, vitufe vingine vyote bado vinang'aa.

Mimi nataka tujizoeze kuuliza swali moja kabla ya kubonyeza. Mota imekwama: nani ameishika? Nalirudia, maana leo utalisikia mara nyingi. Nani ameishika?

Twende shambani kwanza, ndipo turudi kiwandani. Wewe ni Mnyantuzu, unajua kulima kwa ng'ombe. Mbele anatangulia mtoto ameshika kamba, anawaongoza. Nyuma baba ameshika plau. Sasa plau ikigonga kisiki kilichojificha ardhini, ng'ombe wanafanyaje? Wanavuta. Shingo zinajaa mishipa, nira inalia, miguu inachimba udongo, lakini plau haisogei. Nguvu inatoka yote na mwendo haupo. Huko ndiko kukwama kwa mota. Umeme unaingia mwingi, na shafti haizunguki au inajikokota tu.

Draivu inalijua hilo kwa kuangalia mambo matatu kwa pamoja. Je, mota inavuta umeme hadi kufikia kikomo nilichowekewa? Je, mwendo wake uko chini mno? Je, hali hiyo imedumu? Yote matatu yakitimia, inakata. Katika zile ABB nilizozitaja, mpangilio wa kiwandani ni kusubiri sekunde 20. Kwa nini isikate mara moja? Kwa sababu hata ng'ombe wazima wakianza kuvuta huwa wanajikaza kwanza kabla ya kuondoka. Draivu inawapa nafasi ya kuondoka. Sekunde 20 zikipita wangali wanahangaika palepale, inasema basi, hapa pana kisiki.

Lakini iko namna ya pili. Yule mtoto aliyetangulia na kamba akipata wazimu wa kukimbia, ng'ombe watamfuata? Hawawezi. Kamba itamponyoka, yeye atakuwa mbele huko anakimbia peke yake, na ng'ombe wamesimama wanamshangaa. Hakuna kisiki hapo, kosa ni la aliyetangulia. Kwenye mota, mtoto ni ile sumaku inayozunguka ndani kwa nguvu ya umeme, na ng'ombe ni ile rota inayoifuata. Sumaku ikikimbizwa kuliko rota inavyoweza kufuata, zinaachana. Zile namba mbili za Siemens ndizo hizo: F07900 inasema mota imezuiwa, F07902 inasema mota imeachwa. Fundi anayezisoma kama namba moja atatafuta kisiki siku nzima kwenye shamba lisilo na kisiki.

Basi tuanze na visiki, maana kwetu ndivyo vingi.

Msimu mmoja niliitwa kwenye kiwanda kimoja humu humu mkoani. Jina naliacha. Mota ya mlisho, ile inayozungusha roli za kupeleka pamba kwenye mashine ya kuchambulia, ilikuwa inakwama mara kwa mara. Vijana walikuwa wameshabonyeza riseti wakachoka, kisha mmoja akaingia kwenye mipangilio akapandisha kikomo cha umeme ili draivu isilalamike upesi. Nilipofika nilisikia harufu kabla ya kuona chochote. Fundi mwenzangu unaijua harufu ile ya vanishi inayoanza kuiva. Niliweka kiganja karibu na mota, nikakirudisha haraka.

Sikugusa draivu. Niliomba daftari la zamu. Ndani yake mwandishi wa zamu, Mungu ambariki, alikuwa ameandika saa ya kila kusimama. Nikaomba na daftari la malori yaliyopakuliwa. Tukayaweka madaftari hayo mawili mezani, tukakaa kimya kidogo. Mashine ilikuwa inasimama kila ilipolishwa pamba ya mzigo fulani, na mizigo mingine ilikuwa inapita bila shida.

Tukazima umeme, tukafunga kufuli, tukafungua mlisho. Pamba ilikuwa imejisokota kwenye shafti ya roli kama kamba ya kufungia ndama. Ilikuwa mbichi. Ukiikamua inakuachia unyevu mkononi, na ndani ya mabonge mna mchanga. Msikilizaji, hapo tena huhitaji digrii. Mtu alikuwa ameinywesha pamba yake maji usiku ili asubuhi iwe nzito kwenye mizani. Bodi ya Pamba inakemea jambo hili kila mwaka, na kila mwaka lipo. Wakulima nao wana malalamiko yao juu ya mizani, na hayo nitayapa siku yake, siyapuuzi. Lakini tazama safari ya ndoo ile ya maji: ilitoka kisimani, ikaingia kwenye robota la mkulima, ikapita kwenye mizani, ikapanda lori, ikaja kuandikwa kwenye skrini ya draivu kwamba mota imekwama. Nani ameishika? Mkono uliokuwa kilomita nyingi kutoka pale tulipokuwa tumesimama.

Ndiyo maana nasema draivu ni shahidi. Inaeleza ilichokiona kutoka pale ilipo, na yenyewe iko ukutani. Haioni roli, haioni beringi, haioni mkanda. Inaona umeme na mwendo. Mengine unatakiwa uende ukayaone wewe.

Kisiki cha pili ni cha umeme kukatika. Hiki kwa kweli kinanikera, kwa sababu ni rahisi kukiepuka. Pamba ikichambuliwa, sehemu kubwa ya uzito wake ni mbegu, nyuzi ni kama theluthi hivi. Mbegu zote hizo zinasafirishwa na skruu ndefu iliyolala ndani ya mfereji wa chuma. Sasa umeme ukikatika ghafla, nini kinatokea? Kila kitu kinasimama kikiwa kimejaa. Mfereji umejaa mbegu, mlisho umejaa pamba. Umeme ukirudi, opereta ana haraka, bosi anapiga simu, anabonyeza kuwasha. Ng'ombe wamefungwa kwenye plau iliyokwisha kuzama hadi kwenye mpini! Mota inajikaza, sekunde zinahesabika, imekwama. Anabonyeza tena, na kila mara mota inapata moto zaidi, kwa sababu feni yake imefungwa kwenye shafti yake yenyewe. Shafti isipozunguka, feni haizunguki, na mota inakosa upepo saa ileile inapouhitaji.

Dawa yake ni koleo na dakika 15 za uvumilivu. Toa mbegu kwanza, ndipo uwashe. Narudia kwa ajili ya aliyekuwa anaondoa sufuria jikoni: umeme ukikatika mashine ikiwa imejaa, punguza mzigo kwanza, ndipo uwashe.

Visiki vingine nitavipitia haraka, maana mnavijua. Beringi iliyokauka grisi. Mkanda uliokazwa kupita kiasi. Gia boksi isiyo na mafuta. Breki ya mota isiyofunguka. Nyuzi laini za pamba zilizojikusanya kila mahali, hata kwenye chujio la hewa la draivu yenyewe, ingawa hapo mara nyingi italalamika joto kabla ya kulalamikia kukwama.

Wazee wetu waliofanya kazi kwenye viwanda vya zamani, enzi za Victoria Federation, shirikisho la vyama vya ushirika la miaka ya 1950, hawakuwa na skrini. Injini moja kubwa ilizungusha shafti ndefu iliyopita juu, na kila mashine ilichukua nguvu kwa mkanda wake. Mashine ikikwama, mkanda uliteleza na kupiga kelele, na kila mtu aligeuka kutazama upande ule. Kelele ilitokea palepale penye ugonjwa. Siku hizi tumehamisha kelele, tumeipeleka kwenye kisanduku kilichoko chumba kingine, kisha tunakilaumu kisanduku.

Sasa tuje kwenye namna ya kupima. Umefika, draivu imesema mota imekwama. Kabla ya kuriseti, soma. Draivu nyingi zinaweka kumbukumbu ya hali ilivyokuwa wakati wa kosa: umeme ulikuwa ampea ngapi, mwendo hezi ngapi, volti za ndani ngapi. Chukua kalamu uandike. Usiseme nitakumbuka.

Kisha zima, na hapa ninaomba utulivu kabisa. Draivu ikizimwa haijafa. Ndani yake kuna kapasita zinazohifadhi umeme, na kwa draivu ya volti 400 ndani huwa na volti kama 540 za mkondo mnyoofu. Hizo hazikupi onyo. Watengenezaji wengi wanaandika kwenye kibandiko subiri dakika 5, na kubwa zaidi zinataka muda mrefu zaidi. Soma kibandiko cha yako, subiri, kisha pima kwa mita uhakikishe. Swichi kuu ifunge kwa kufuli yako, ufunguo uweke mfukoni mwako, na utundike kibao. Mashine ya kuchambua pamba haina huruma na vidole. Tena kama draivu imepangwa kujiwasha yenyewe baada ya kosa, uondoe mpangilio huo kabla hujasogelea chochote.

Baada ya hapo, zungusha kwa mkono. Shafti inazunguka laini, au inagoma mahali fulani? Fungua mkanda, uizungushe mota peke yake na mashine peke yake. Ukishajua ni upande gani mzito, nusu ya kazi imekwisha.

Halafu, mkanda ukiwa umetolewa na watu wote wamekaa mbali, washa mota tupu. Ikikwama ikiwa tupu, ugonjwa uko kwenye mota, kwenye nyaya zake au kwenye mipangilio. Ikizunguka vizuri, wengi wanasema basi, mota nzima, tatizo ni mashine. Hapo nami nilishawahi kuaibika, na aibu hiyo nitaisimulia kwa sababu imenifundisha kuliko chuo.

Kulikuwa na mota iliyoungua, ikapelekwa kusukwa upya. Ikarudi imepakwa rangi, inang'aa. Tukaifunga, tukaiwasha tupu, ikazunguka bila hata kutetemeka. Tukafunga mkanda, tukaweka mzigo, ikakwama. Tukatoa mkanda, ikazunguka. Tukafunga, ikakwama. Nikatangaza mbele ya meneja kwamba mashine ndiyo nzito. Tukafungua mashine nzima. Beringi safi, roli safi, kila kitu laini. Saa nane za usiku nikakaa juu ya ndoo, sina la kusema.

Mzee mmoja aliyekuwa mlinzi wa pale, aliyewahi kufanya kazi viwandani ujanani, akaniuliza kwa upole: mwanangu, na kibati umekisoma?

Kibati cha mota kilikuwa kimeandikwa volti 400 kwa delta, 690 kwa nyota. Umeme wetu ni 400. Kwa hiyo kwenye boksi la nyaya ilipaswa kuunganishwa delta. Nikafungua boksi. Vile vipande vya shaba vilikuwa vimewekwa nyota. Mota iliyounganishwa nyota mahali pa delta hupata nguvu ya kuzungusha theluthi moja tu ya ile inayostahili. Ikiwa tupu, theluthi inatosha na kubaki. Ukiiwekea mzigo, inapiga magoti. Nani ameishika? Vipande vitatu vya shaba, kila kimoja kifupi kuliko kidole.

Usije ukakariri kwamba delta ndiyo sahihi siku zote. Mota ndogo nyingi zina kibati cha 230 kwa delta na 400 kwa nyota, na hizo ukiziweka delta kwetu utaziunguza. Soma kibati. Na kipimo cha mota tupu kinakuambia nusu ya habari. Nusu nyingine tafuta kwa mita ya kubana waya, upime fezi zote tatu mzigo ukiwepo, uone kama zinalingana. Fezi moja ikiwa na waya uliolegea, mota inaweza kunguruma na kugoma kuondoka.

Tahadhari moja kwa wanaotumia mega kupima uzima wa nyaya: chomoa nyaya za mota kwenye draivu kwanza. Ukipiga mega draivu ikiwa imeunganishwa, utaongeza ugonjwa wa pili, tena wa bei mbaya.

Sasa yule mtoto anayekimbia na kamba. Anatoka wapi? Anatoka kwenye mipangilio. Muda wa kupandisha mwendo umewekwa sekunde 2 kwa mzigo unaohitaji 20. Au draivu imebaki na mpangilio wa nchi za hezi 60, na mota yetu ni ya 50. Ukiacha hivyo, mota inapofika mwendo wake wa kawaida inakuwa inapewa volti pungufu, na volti zikipungua nguvu ya kuzungusha hupungua zaidi. Punguza volti kwa sehemu moja ya kumi, nguvu kubwa kabisa ya mota inashuka karibu sehemu mbili za kumi. Ndiyo maana jioni, taa zikififia mjini na kila mashine ya kusaga inanguruma, mota iliyofanya kazi vizuri asubuhi inaanza kusuasua. Draivu haina kiwanda cha volti. Haiwezi kutoa volti zaidi ya zile inazoletewa.

Na kuna mchezo mmoja wa msimu. Marobota yanatakiwa mengi, basi mtu anapandisha mwendo kutoka hezi 50 hadi 60 ili mashine ikimbie. Mwendo unaongezeka, ndiyo. Lakini volti zilishafika mwisho kwenye 50, haziongezeki tena, na nguvu kubwa ya mota inabaki kama theluthi mbili hivi. Umewaharakisha ng'ombe na kuwanyima majani kwa wakati mmoja.

Kijana mmoja aliniuliza sokoni hapa Bariadi: kwani fundi, ulinzi huo wa kukwama hauwezi kuzimwa kabisa tukamaliza msimu? Unaweza. Draivu nyingi zinakuruhusu kuuzima, au kuufanya utoe onyo tu bila kukata. Nilimwambia, unaweza pia kumfunga mbwa mdomo ili usisumbuliwe na wezi. Akacheka, lakini sijui kama alikubali. Nikamweleza kwa hesabu yake mwenyewe: mota ikiungua katikati ya msimu, kuisuka upya kunakugharimu fedha na siku, na kama kubwa italazimika kwenda Mwanza na kurudi, huku malori yanasubiri langoni. Hapo akanyamaza.

Kupandisha kikomo cha umeme nako ni hivyohivyo. Liko swali halali la kuuliza: je, kikomo kilichowekwa kinalingana na kibati cha mota? Kama aliyefunga draivu aliweka ampea za mota ndogo kuliko iliyopo, rekebisha, ni haki ya mota. Lakini kama vinalingana na bado inakwama, acha. Kuongeza kiboko hakuondoi kisiki, kunavunja nira.

Nimalizie na habari ya juzi, tena ya kiwanda kingine nisichokitaja. Draivu ilisema mota imekwama, wakairiseti, ikakwama. Wakaamua draivu imekufa. Wakaagiza mpya, na bei yake si ya kuitaja mbele ya watoto. Ikaja, ikafungwa, mipangilio ikawekwa, watu wakakusanyika kutazama. Ikawashwa. Wakahesabu moja, mbili, tatu. Ilipofika 20, ile mpya ikaandika maneno yaleyale ya ile ya zamani.

Ndipo mtu akaenda kufungua kifuniko cha upande wa pili wa roli, ule ulio karibu na ukuta, usiofikika bila kulala chini. Akalala chini na tochi. Kati ya shafti na beringi palikuwa na kipande cha mfuko wa sandarusi, ule wa kubebea pamba uliokatazwa kila siku, kimejizungusha, kimebanwa na kuyeyuka kwa joto hadi kikawa kama pete ya plastiki. Alikikata kwa kisu cha kawaida. Shafti ikazunguka kwa kidole.

Ile draivu ya zamani walikuwa wameshaitupa nyuma ya stoo. Nilipofika nikamwambia kijana mmoja akaifute vumbi na kuiweka kabatini, haina kosa.